Kuongoza timu ya nchi nne ukiwa Dar: mwongozo kamili, kuanzia neno "tunashughulikia"

Kontena la marumaru lilikaa bandarini siku kumi na moja kwa sababu ya neno moja. Mwenzetu wa Hamburg, msimamizi wa fedha za mradi, aliuliza kwa imeli siku ya Jumatatu: hati ziko tayari? Kijana wetu wa kutoa mizigo akajibu, "Tunashughulikia." Jumatano akaulizwa tena, akajibu vilevile. Ijumaa hivyo hivyo. Mjerumani akaelewa kwamba kazi inafanyika na inakaribia kuisha. Mimi, niliyekuwa nikipata nakala ya kila imeli, sikushtuka, maana neno hilo nimelizoea kama mtu anavyozoea mlio wa feni. Kumbe bili ya shehena halisi, ile tunayoiita BL, hati ambayo bila hiyo mzigo hautoki, ilikuwa bado kwenye droo ya muuzaji huko Guangzhou, China, akisubiri salio lake. Kijana alilijua hilo tangu Jumatatu asubuhi. Na wa kulipa salio hilo alikuwa huyo huyo Mjerumani aliyekuwa akiuliza. Angeambiwa, angelipa siku ileile. Hakuambiwa. Siku za bure za bandarini zikaisha, storeji, yaani tozo ya kuhifadhi mzigo, ikaanza kuhesabu kwa dola.

Nilimuita kijana nikamuuliza kwa nini hakusema. Akatazama sakafu. "Mzee, ningeanzaje kusema mbele ya watu wote kwamba nimekwama?"

Mwongozo huu ni kwa mtu aliyekaa kwenye kiti nilichokalia mimi siku ile: uko Dar, Mombasa, Kampala au Muscat, umepewa timu yenye watu wa nchi tatu au nne, na hakuna aliyekufundisha. Mifano yangu ni ya Dar, Dubai, Guangzhou na Hamburg kwa kuwa ndiko nilikofanyia kazi. Ukibadilisha miji, hatua zinabaki.

Semina nyingi za utamaduni wa biashara huanza na wageni: usichomeke vijiti wima kwenye bakuli la wali, pokea kadi ya Mjapani kwa mikono miwili, usimpe Mwarabu kitu kwa mkono wa kushoto. Ni mambo ya kweli na ni adabu kuyajua, ila hayajawahi kuniokolea kontena hata moja. Nimejifunza kuanzia upande wa pili, yaani kwetu.

Hatua ya 1: Andika kamusi ya ofisi yako

Chukua daftari. Kwa wiki moja andika kila neno ambalo wewe na watu wako mnalitumia na mgeni angelipokea kama lilivyo. Usilisahihishe wala usimwambie mtu aliache, andika tu. Mwisho wa wiki kaa na timu yako ya hapa, wenyewe kwa wenyewe, chai na vitumbua mezani, muulizane kila neno maana yake hasa ni nini. Mtacheka sana. Kwetu sisi orodha ilianza hivi:

"Ndiyo": nimekusikia. Si lazima iwe nimekubali.
"Tunashughulikia": kuna tatizo, lakini usiniulize sasa.
"Nitajitahidi": haiwezekani, ila siwezi kukuambia hivyo usoni.
"Kesho": si leo.
"Nipo njiani": natafuta viatu.
"Tutaongea": hatutaongea.

Wenzetu wa Dubai walipoiona wakaongeza "inshallah", wakaeleza kwamba ina nyuso mbili. Ipo ya mtu aliyeamua kabisa na anamkabidhi Mungu yaliyo nje ya uwezo wake, na ipo ya mtu anayekukataa kwa upole. Tofauti iko kwenye sauti na kwenye kinachofuata: wa kwanza atakutajia saa na mahali, wa pili ataishia hapo. Mwanamke tuliyekuwa naye Guangzhou akaleta ya kwao: muuzaji akisema "yanjiu yanjiu", tutalichunguza tutalichunguza, basi tafuta muuzaji mwingine. Akisema jambo "si rahisi kidogo", maana yake halipo.

Mambo mawili kwenye kamusi hii yalinishtua, kwa sababu yalikuwa yakituharibia kazi miaka yote bila sisi kujua.

La kwanza ni swali la kukanusha. Mtu wa Hamburg anauliza, "Hamjalipa ushuru bado?" Kijana wangu anajibu "Ndiyo", akimaanisha ndiyo, ni kweli, hatujalipa. Kwa Kiswahili jibu hilo ni sahihi kabisa, na Mchina naye angejibu vivyo hivyo. Mjerumani anaposikia ndiyo kwa Kiingereza anaelewa kwamba ushuru umeshalipwa. Dawa yake ni amri moja: kwenye timu hii hakuna maswali ya kukanusha. Uliza "Ushuru umelipwa?" na jibu liwe sentensi nzima, "Umelipwa tarehe 14" au "Haujalipwa".

La pili ni pole. Meli imechelewa kwa sababu ya dhoruba huko baharini. Binti wa huduma kwa wateja anamwandikia mteja wa nje ujumbe wa kumpa pole, na kwa Kiingereza pole inatoka kama kuomba radhi. Mteja anausoma, anaona tumekiri kosa, na kwenye imeli inayofuata anadai fidia. Kwetu pole ni utu, unampa hata aliyejikwaa mwenyewe. Sasa tunaandika kilichotokea, nani anahusika na hatua tunayochukua, na pole tunaitia kwenye simu, kwa sauti, pale inapoeleweka ilivyo.

Kamusi ikishakamilika, kubalianeni majibu manne tu kwa kila swali la kazi: Imekwisha. Inaendelea, itakwisha tarehe fulani. Imekwama, kwa sababu hii, namhitaji fulani. Sijui, nitajibu saa fulani. Jibu lolote nje ya haya manne halihesabiki kuwa jibu. Hata la bosi.

Hatua ya 2: Wajue watu, si pasipoti zao

Hapa ndipo wengi hukimbilia majedwali. Mholanzi Geert Hofstede alikusanya majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM wa nchi nyingi kati ya 1967 na 1973, na tangu hapo dunia ya menejimenti haijaacha kuzipa nchi alama: hawa wanamtii mkubwa, wale wanajitegemea. Kazi yake ina faida, kwa kuwa ilionyesha kwamba umbali kati ya bosi na mfanyakazi si sawa kila mahali. Lakini angalia tulivyopimwa sisi. Tanzania, Kenya, Ethiopia na Zambia ziliwekwa kwenye kapu moja lililoitwa Afrika Mashariki na kupewa alama moja. Mtu yeyote aliyewahi kufanya biashara Kariakoo asubuhi na Addis Ababa jioni anajua kapu hilo lilivyo pana. Basi ukisoma alama za Wajerumani au Wachina, kumbuka kwamba nao wametiwa makapuni. Mtu wa Hamburg si mtu wa Munich, na Mkantoni, yaani mtu wa upande wa Guangzhou, atakueleza kwa kirefu asivyo mtu wa Beijing.

Badala ya jedwali, fanya hivi. Ndani ya wiki mbili za kwanza zungumza na kila mtu wa timu peke yake, nusu saa, kwa video kama inawezekana. Usianze na kazi. Uliza aliko, watoto, kula yake, mvua. Kwetu salamu ni kazi tayari. Mjerumani ataona unapoteza muda dakika ya kwanza, ya tatu atakuwa anakuonyesha mbwa wake. Kisha uliza maswali haya matano, kwa utaratibu huu:

Ukikwama kazini, kwa kawaida unamwambia nani kwanza?
Ukitofautiana na bosi wako, unamwonyeshaje?
Nikiona kosa kwenye kazi yako, ungependa nikuambie vipi, na wapi?
Nani mwingine lazima akubali kabla wewe hujasema ndiyo?
Ni jambo gani bosi aliyepita alilifanya likakuudhi ukanyamaza?

Swali la nne lina thamani kuliko yote. Kwa majibu yake niligundua kwamba meneja wetu wa Dubai, mwenye cheo kikubwa na saini ndefu kwenye imeli, hakuwa na mamlaka ya kupunguza bei hata kwa dirhamu moja bila ami yake. Nilikuwa nimembana kwenye vikao vya watu kumi nikidhani ni mkaidi. Nilichokuwa nikifanya ni kumvua nguo mbele ya watu kwa jambo lisilo mikononi mwake. Tangu siku ile nikawa natuma ombi siku tatu kabla, alipeleke nyumbani, kikaoni tunapokea jibu tu. Wajapani wana neno lao la kazi hii ya kuzunguka kwa kila mhusika kabla ya kikao, nemawashi, lililotokana na mtunza bustani anayeizungukia mizizi ya mti kabla ya kuuhamisha. Wazee wetu wa vijijini wameifanya siku zote bila kuipa semina.

Majibu yaandike mahali pako pa siri. Usiyatume kwenye grupu.

Na usidhani ukubwa wa kampuni unakinga na kosa la kutowajua watu. Walmart, kampuni kubwa ya maduka, waliingia Ujerumani mwaka 1997 na desturi zao za Marekani: mtu mlangoni wa kukaribisha wateja, keshia atabasamu kwa kila mmoja. Wanunuzi wa Kijerumani waliona tabasamu lile la kazi kama usumbufu. Tabasamu halikuwa sababu pekee, maana Aldi na Lidl, maduka ya bei rahisi ya Wajerumani wenyewe, walikuwa wameshashika bei, na sheria za kazi za kule si za Arkansas, jimbo la Walmart, lakini mwaka 2006 waliuza maduka 85 yaliyobaki kwa kampuni ya Kijerumani ya Metro wakaondoka.

Hatua ya 3: Saa, tarehe na kalenda

Hatua hii haina falsafa, ila ukiikosea zote nyingine zinayumba.

Nilipoanza niliandika kwenye grupu: "Kesho kikao saa tatu." Mtu wa Hamburg akapitisha ujumbe kwenye programu ya kutafsiri, akapata saa tatu, akajitokeza saa tisa mchana. Sisi tulikuwa tumemsubiri asubuhi tukimsema kwamba hata Wajerumani siku hizi wanachelewa. Saa yetu inaanza kuhesabu jua likichomoza na ya kwao inaanza usiku wa manane, kwa hiyo kwenye maandishi ya kazi tumia saa ya tarakimu nne na utaje mji: 10:00 Dar. Midomoni endeleeni kusema saa nne, hakuna anayewakataza.

Guangzhou wako mbele yetu saa tano mwaka mzima, Dubai saa moja. Hamburg wako nyuma yetu saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi, kwa sababu husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kiangazi, 10:00 ya Dar ni 9:00 Hamburg, 11:00 Dubai na 15:00 Guangzhou. Huo ndio mlango ambao wote wako macho na wamekunywa chai. Saa ya Hamburg ikirudi nyuma, kikao cha 10:00 Dar kinamkuta Mjerumani saa 8:00, na kinahamia 11:00. Kumbuka kwamba kwa Guangzhou hiyo ni 16:00, na mtu wa kule mwenye mtoto shuleni analipa gharama ya saa ya Ulaya. Ukiweza, zungusheni maumivu: mwezi huu aamke mapema huyu, mwezi ujao yule.

Tarehe andika mwezi kwa herufi. 03/04 kwetu ni tatu Aprili, kwa Mmarekani ni nne Machi, na BL haina huruma.

Wikendi nayo si moja. Serikali ya Falme za Kiarabu ilihama Januari 2022 na kuanza kupumzika Jumamosi na Jumapili, Ijumaa kazi ikiishia mchana. Serikali ya Sharjah, mmoja wa falme hizo, inapumzika Ijumaa hadi Jumapili. Oman na Saudia wamebaki Ijumaa na Jumamosi. Kwa hiyo Ijumaa mchana usimtafute mtu wa Dubai, na Jumapili unaweza kumpata wa Muscat ofisini huku wewe uko kanisani au shambani.

Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Mwaka 2025 ulikuwa 29 Januari, 2026 ukawa 17 Februari. Likizo ya serikali ni siku chache, lakini mafundi wa viwandani wanasafiri mikoani kwao, wengine hawarudi, na kiwanda huacha kupokea oda wiki kadhaa kabla. Mtu akikuahidi mzigo wiki moja kabla ya sikukuu, hesabu kwamba ni mzigo wa mwezi unaofuata. Tarehe 1 Oktoba wanaanza mapumziko mengine ya wiki nzima, na mara nyingi hufidia siku hizo kwa kufanya kazi Jumamosi au Jumapili, jambo ambalo limewahi kuniletea simu Jumapili saa kumi na moja alfajiri.

Ramadhani, sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu hupunguza saa mbili kwa siku kwa wafanyakazi wa sekta binafsi, anayefunga na asiyefunga. Usimwekee mtu kikao karibu na futari. Kwa msomaji wa Zanzibar hili halihitaji maelezo. Kwa bosi wako wa Hamburg linahitaji, na wa kumweleza ni wewe.

Hatua ya 4: Kikao

Ukiacha kikao kijiendeshe, atazungumza mwenye Kiingereza chepesi, si mwenye habari. Mwaka 2010 Hiroshi Mikitani wa Rakuten alitangaza kwamba kampuni yake yote ya Kijapani ya biashara ya mtandaoni itafanya kazi kwa Kiingereza, akawapa watu miaka miwili. Fikiria wewe ni mhandisi wa miaka ishirini kazini, na Jumatatu unageuka mtu wa kubabaika mbele ya kijana aliyesoma ng'ambo. Ndivyo mtu wako wa ghala anavyojisikia kila wiki.

Tuma ajenda siku moja kabla, iwe na maswali, isiwe na vichwa vya habari tu. Mwenye lugha nzito apate usiku wa kuandaa jibu lake. Kikaoni waite watu kwa majina, ukianza na mdogo kuishia kwa mkubwa. Ukianza na mkubwa, wa Dar na wa Guangzhou watasema "nakubaliana na aliyetangulia" na utakuwa umepata wazo moja kwa bei ya watu wanane. Ukiuliza swali, hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Kimya cha Mchina mara nyingi ni kufikiri, cha kijana wetu ni heshima, cha Mjerumani ni kutoridhika. Usikijaze kwa hotuba yako.

Acha dakika kumi za mwanzo ziwe za habari za nyumbani, na uwaambie Wazungu kwamba ni sehemu ya ajenda. Iandike kabisa: 10:00 hadi 10:10, salamu. Ikiandikwa, Mjerumani anaiheshimu.

Baada ya kikao tuma muhtasari ndani ya saa mbili, kila jambo na jina na tarehe. Kisha mpigie simu yule uliyemwona amenyamaza.

Hatua ya 5: Habari mbaya zifike mapema

Hapa ndipo kontena langu lilipozama, nami nitakaa kidogo.

Tunapenda kusema kijana hakusema kwa sababu ya utamaduni wetu: mdogo hambebeshi mkubwa aibu. Kuna ukweli. Lakini kauli hiyo inamwachia bosi njia ya kutorokea, na kuna kisa kimoja kinachoifunga.

Kiwanda cha General Motors cha Fremont, California, kilifungwa mwaka 1982 kikiwa na sifa mbaya: utoro, ulevi, magari yanayotoka na kasoro huku mkanda wa kuundia magari ukiendelea kutembea. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia wa GM na Toyota, kikaitwa NUMMI. Wafanyakazi wengi walikuwa wale wale wa zamani, chama chao cha wafanyakazi kile kile. Kikundi kikapelekwa Japani kujifunza. Walichokutana nacho ni kamba juu ya mkanda wa kazi: mfanyakazi yeyote akiona tatizo anaivuta, kiongozi wake anakuja mbio, na wasipolimaliza kwa wakati mkanda unasimama. Kwa Wamarekani hao kusimamisha mkanda lilikuwa kosa la kufukuzwa. Sasa mkubwa anakuja na kuuliza, nikusaidie nini? Muda haukupita ubora wa magari ya Fremont ukawa wa kulinganishwa na wa Japani.

Damu yao haikubadilishwa. Kilichobadilika ni kinachompata mtu anapovuta kamba.

Basi nilijiuliza: kwetu mtu akivuta kamba, kinampata nini? Nikakumbuka. Miezi miwili kabla ya kontena lile, binti mmoja aliniletea habari ya hati iliyokosewa. Sikumfokea. Nilivuta pumzi kwa nguvu, nikaweka kalamu chini nikasema, "Haya." Ofisi nzima iliniona. Ile "haya" ndiyo iliyomfunza kijana kusema tunashughulikia.

Fanya hivi. Kwanza, tengeneza njia ya kusema isiyohitaji ujasiri. Sisi tulitumia rangi: kila siku 9:00 Dar kila mtu anaweka rangi moja kwenye jedwali la pamoja, kijani, njano au nyekundu, na nyekundu haihitaji maelezo zaidi ya sentensi moja. Ni rahisi zaidi kuweka rangi kuliko kusema "nimeshindwa". Pili, wiki ya kwanza weka nyekundu yako mwenyewe, ya kweli, mbele ya wote. Mimi niliandika kwamba nilisahau kuidhinisha malipo ya wakala. Mtu wa Guangzhou aliniambia baadaye kwamba walidhani nimeingiliwa simu na wezi. Tatu, jibu lako la kwanza kwa habari mbaya liwe lile lile daima, usilibuni kila siku. Langu ni: "Asante kwa kuniambia. Unahitaji nini kutoka kwangu leo?" Hata kama moyoni unawaka. Kumtafuta mwenye kosa kuna siku yake, na siku hiyo si leo.

Nne, wape mlango wa faragha. Guangzhou hawataki kumwaibisha muuzaji wala kujiaibisha mbele ya Hamburg. Uso wa mtu, yaani heshima yake mbele ya watu, "mianzi" kwa Kichina, ni mali inayotunzwa. Ujumbe wa WeChat kwako peke yako uhesabike sawa na tangazo la kikaoni. Wewe ndiye utakayeupeleka mbele, bila jina.

Ukiacha nyekundu yangu, kwa wiki tatu jedwali letu lilikuwa kijani tupu, kama uwanja wa mpira. Nilikaribia kulifuta. Vumilia hapo.

Hatua ya 6: Kukosoa na kusifu

Mtu wa Hamburg ataandika: "Hii si sahihi. Ukurasa wa 2 una makosa matatu." Kwake huo ni msaada, na amekwisha kusahau. Wa Dar atausoma mara nne, atampigia rafiki yake, na jioni hatakula vizuri. Wewe ndiye mkalimani hapa. Sikumwambia Mjerumani abadilike. Nilimwomba atume masahihisho kwa mhusika peke yake, asinakili watu saba. Na kwa watu wangu nilisema: huyu akiacha kukukosoa, hapo ndipo uhofu.

Kinyume chake pia kinatokea. Nilimwandikia Mjerumani kwa staha zangu zote: "Kazi nzuri sana, hongera, labda tu tukipata nafasi tuangalie tena zile hesabu." Alisoma hongera akafunga kompyuta. Hesabu zilikuwa na kosa kubwa. Kwa mtu kama huyo weka kosa kwenye sentensi ya kwanza, na tarehe ya kurekebisha kwenye ya pili. Kwa wa Dar na Guangzhou, piga simu, ulizia hali, elekeza kosa kwenye kazi: hesabu hizi zimekataa kulingana, tuziangalie pamoja.

Sifa za mbele ya watu zigawie timu. Mtu mmoja akisifiwa peke yake Guangzhou, wenzake wanaanza kumtania, na mwezi unaofuata anajitahidi afanane nao.

Hatua ya 7: Palipo na ukuta

Si kila kitu ni utamaduni. Kikapu cha tende cha Idi, keki za sikukuu ya mwezi ya Wachina, kalenda ya mwisho wa mwaka: pokea, shukuru, andika kwenye daftari la ofisi. Bahasha ya "kuharakisha" haina utamaduni hata mmoja unaoitetea kisheria. Tanzania kuna Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Mshirika wako akiwa na mguu Marekani au Uingereza, sheria ya Marekani ya 1977 na ya Uingereza ya 2010 zinaweza kumfuata hadi kwenye geti la bandari yako. Waambie watu wako mapema, kwa maandishi, ili siku wakibanwa wapate kusema "bosi amekataza" bila kujigombanisha na mtu.

Vivyo hivyo kwa matusi, kumgusa mtu asiyetaka, kumdharau mwanamke kikaoni. Nimeshasikia "kwao ni kawaida" kuhusu kila taifa. Mwanamke wetu wa Guangzhou aliwahi kukatwa kauli mara tatu na mteja aliyekuwa akimwelekea msaidizi wake wa kiume. Msaidizi akasema, kwa upole kabisa, "Anayeamua ni yeye," akafunga daftari lake. Tulikuwa tumekubaliana hilo tangu kabla ya kikao.

Miezi mitatu baadaye

Baada ya siku tisini usitume dodoso. Fungua jedwali lako na uhesabu nyekundu, kisha utazame zimewekwa na nani. Kama zote ni za watu wa Hamburg, rudi hatua ya 5. Kama hakuna hata moja ya mtu mdogo kuliko wote, rudi hatua ya 5 tena, na umuulize mtu unayemwamini sura yako hukaaje unapopata habari mbaya.

Nyekundu ya kwanza ya kijana wa kontena ilikuja wiki ya nne, Alhamisi, 8:52 Dar. Aliandika: "BL ya mzigo wa pampu haijatoka. Muuzaji anasema salio. Nimwone nani?" Dakika sita baadaye, kukiwa bado giza la asubuhi kule, Hamburg akajibu: "Mimi. Nalipa sasa." Kijana akaniletea simu mezani nisome mwenyewe, kisha akarudi kukaa bila kusema neno.